Insulini safarini: kutoka Dar hadi Lindi, Mtwara na vijijini

Anza na hesabu. Kichupa cha mililita 10 cha insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma, kina uniti 1,000. Anayechoma uniti 40 kwa siku anakimaliza kwa siku 25. Anayekwenda Newala au Liwale kukaa msimu wa korosho, miezi mitatu, anahitaji vichupa vinne, na cha tano cha akiba. Akiba hiyo si uoga: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Lindi pale Somanga na magari yakakwama. Chukua pia mabomba ya sindano ya kutosha yaliyoandikwa U-100, yaani ya insulini yenye uniti 100 kwa kila mililita. Bomba lililoandikwa U-40 litakuharibia kipimo.

Ndani ya basi, dawa ikae na wewe. Kwenye buti kuna joto, na begi lako linaweza kushushwa kituo kisicho chako. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, isuuze kwa maji baridi, ikaushe, kisha weka vichupa vilivyofungwa kwa kitambaa. Ukitumia barafu, isigusane na dawa hata kidogo. Insulini iliyoganda imeshakufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Usichome dozi ya chakula kwa kuamini kwamba basi litasimama muda si mrefu. Subiri sahani iwe mbele yako. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho au kusikia njaa ya ghafla, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida (isiyo na sukari haisaidii), au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini, rudia. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka.

Kijijini pasipo friji, omba zahanati au kituo cha afya wakuhifadhie vichupa visivyofunguliwa, kwenye nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Unachotumia kiweke kwenye mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, kisilowe. Mtungi hupoza kwa maji kukauka, kwa hiyo Newala wakati wa kiangazi hufanya kazi vizuri kuliko Mikindani au Kilwa, ambako hewa ni ya unyevu. Andika tarehe ya kufungua. Siku 28 zikipita, tupa.

Kabla ya kuchoma, itazame. Ile angavu ikiwa na ukungu, iache. Ile nyeupe kama maziwa ibingirishe viganjani taratibu. Ikibaki na mabonge au chembe zilizonata kwenye kioo, haifai.

Wiki ya kwanza pima mara nyingi zaidi. Ugali wa muhogo hupandisha sukari, na kuokota korosho kutwa nzima huishusha, wakati mwingine usiku, saa kadhaa baada ya kazi. Pima kabla ya kulala, na kabla ya kwenda shambani uwe umekula.