Kabla hujakata bodi ya saketi nyumbani, soma hii kwanza

Kabla hata hujashika msumeno jua bodi yako imetengenezwa na nini. Ile ambayo ukiinyanyua kwenye taa inapitisha mwanga kidogo, sehemu isiyo na shaba, mara nyingi ni FR-4, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa na epoksi, resini inayokauka kama gundi ngumu. Ile ya kahawia mara nyingi ni FR-2, karatasi iliyoshikana na resini. Vumbi la zote mbili sio zuri ila la FR-4 ndo la kuogopa, nyuzi zake ni mikrometa chache tu kwa unene wakati unywele wa kichwani una kama 70, zinawasha ngozi, zinachoma macho na zinakwaruza koo, na vipande vidogo zaidi vinashuka mpaka kwenye mapafu.

Kwa hiyo swali sio nivae nini, swali la kwanza ni nikate vipi ili vumbi lenyewe lisiwe jingi. Grinda ndogo na diski yake inakata haraka kweli, ila inasaga kioo kuwa unga na kuurusha chumba kizima, mi naiweka mwisho kabisa. Kwa mkato ulionyooka kwaruza uvunje: bana rula ya chuma juu ya bodi, vuta kisu chenye ncha ngumu kwenye mstari uleule mara kadhaa, taratibu bila kukandamiza sana, mpaka shaba iachane na uone weupe wa nyuzi chini yake, afu geuza ufanye hivyohivyo upande wa pili mstari ukae sawasawa na ule wa kwanza. Weka mstari kwenye ukingo wa meza, bana kwa ubao, sukuma chini mara moja, inakatika. Bodi ya milimita 1.6 inakubali kabisa.

Ukilazimika kutumia msumeno wa chuma chukua bledi ya meno madogo, 32 kwa inchi, na lowesha mkato kwa maji kidogo. Maji ni kwa kifaa cha mkono tu, usithubutu kwa mashine ya umeme.

Barakoa ya kitambaa haisaidii hapa jamani, tafuta N95 au FFP2 kwenda juu, yaani zile zinazochuja chembe ndogo za vumbi, na kama una ndevu nyingi hewa inapita pembeni. Miwani iwe inaziba pembeni. Glovu sawa unapokwaruza, ila kwenye mashine inayozunguka vua, zinaweza kuvuta mkono.

Usafi upange kabla: kitambaa kilicholowa kiwe karibu, usipulize wala usifagie pakavu, na mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi inatoa unga mwembamba nyuma yake kama haina filta ya HEPA, ile inayonasa hata vumbi jembamba. Chakula na watoto wakae mbali, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ngozi ikiwasha usijikune, suuza kwa maji yanayotiririka.

Bodi ya zamani yenye vifaa juu usiikate kama ilivyo, solda yake, ile metali inayoshikilia vifaa, inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu.

Ukishakata, shaba pembeni inabaki na makali yanayochana vidole, piga msasa wa maji bodi ikiwa imelowa, afu ikaushe hapohapo shaba isije ikaweka madoa.