Kuchagua mota ya lori la rimoti

Anza na lori, mota baadaye. Lori la kipimo cha 1/14 (dogo mara 14 kuliko lori halisi) linalovuta trela halina haja ya spidi. Linataka nguvu ya kuondoka taratibu na mzigo wake. Ukilifunga mota ya gari la mashindano, litaruka badala ya kuondoka, na kabla betri haijafika nusu utasikia harufu ya waya unaoungua.

Malori mengi ya kipimo hicho hutumia mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye koili) ya saizi 540: kipenyo kama milimita 36, urefu kama 50, shafti milimita 3.17. Pima mota ya zamani kwa venia (kalipa ya kupimia milimita) kabla hujaenda Kariakoo. Saizi 550 ina kipenyo kilekile lakini ni ndefu zaidi kwa milimita saba hivi, na kwenye chesisi nyembamba kitako chake hugonga. Saizi 380 achana nayo, shafti yake ni nyembamba na pinioni yako, ile gia ndogo ya kwenye shafti, haitakaa.

Kisha tazama namba yenye T, yaani mizunguko ya waya kwenye koili. Ikiwa ndogo, mota inakimbia na kula umeme mwingi. Ikiwa kubwa, inakwenda polepole na haipati moto haraka. Kwa lori lenye giaboksi ya gia tatu na trela nyepesi, 27T inatosha. Trela ikibeba kilo kadhaa, chukua 35T. 55T ni ya kupanda mawe. Barabarani utachoka kuisubiri. Ukisita kati ya mbili, chukua yenye namba kubwa.

Kuna pia mota za spea za drili za chaji, bei yake inavutia na matundu ya skrubu mara nyingi yanalingana. Soma volti kwanza. Iliyosukwa kwa volti 18, ukiipa betri ya 7.4 itajikokota tu.

Mota isiyo na brashi huandikwa Kv: zidisha kwa volti upate mizunguko kwa dakika bila mzigo. 1,200 Kv kwa volti 7.4 ni 8,880. Kwa lori chagua yenye sensa (inayokiambia kidhibiti cha spidi rota iko wapi), ingawa bei yake ni kubwa zaidi, kwa sababu isiyo nayo hutetemeka inapoondoka, na lori kazi yake kubwa ni kuondoka na kusimama.

Kidhibiti cha spidi, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, nacho kina kikomo cha T. Kikiandikwa 27T, usikifungie mota ya 21T.

Wakati wa kufunga, wengi huua mota mpya kwa skrubu. Ni za M3, na ndani ya mota ziingie milimita 3 tu hivi. Ikizidi, ncha inakwaruza koili na kuleta shoti. Weka kipande cha karatasi kati ya pinioni na gia kubwa, zibane, kaza skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imechanika, umebana mno; gia zitalia na kulika.

Jaribu dakika kumi na trela yenye mzigo, kisha shika mota. Kidole kisipovumilia sekunde tatu, punguza jino moja au mawili ya pinioni kabla ya kufikiria mota nyingine. Na likikwama kwenye mchanga wa Coco Beach, achia rimoti ulinyanyue kwa mkono: mota iliyozuiwa isizunguke ndiyo inayokula umeme kuliko wakati wowote.