Kabla Hujaigusa Skrubu: Kunyoosha Magurudumu ya Mashine ya Mkanda wa Msasa

Mashine ya msasa, ile inayonoa kwa mkanda unaozunguka juu ya magurudumu, ikianza kutupa mkanda, mkono wa fundi unakimbilia skrubu ya gurudumu la juu. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nazungusha robo, mkanda unarudi katikati, nanoa visu viwili, unakimbia tena. Skrubu ile kazi yake ni kuusogeza mkanda kidogo, kushoto au kulia, basi. Hainyooshi fremu iliyopinda. Ukiilazimisha, inakuficha kosa mpaka siku mkanda utakapochanika.

Mashine yangu iko Mwanga, hapa Kigoma, na riziki yake ni visu vya kupasulia migebuka na kuhe, pamoja na mapanga ya wavuna michikichi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, oda za visu zilikauka, nikapata nafasi ya kuifungua yote. Niligundua kwamba nusu ya matatizo hayakuwa ya mpangilio wa magurudumu hata kidogo.

Kwa hiyo chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, maana vidole vyako vitakuwa katikati ya mkanda na gurudumu. Kisha anza na mkanda wenyewe. Ndani yake mara nyingi kuna mshale. Ukiuvalisha kinyume, kiungo kinaweza kuachia. Uweke alama ya chaki mgongoni, uzungushe kwa mkono mizunguko kadhaa. Ukiona unayumba mara moja kila alama inapopita, mkanda ndio uliounganishwa upande, magurudumu hayana kosa. Mkanda uliokaa kwenye unyevu ukajikunja kingo nao hautulii, kwa hiyo ining'inize mikanda yako pakavu, usiikunje chini ya meza kama mimi zamani.

Halafu beringi. Shika gurudumu juu na chini, sukuma huku ukivuta. Likicheza, hata kwa kiasi cha kusikia "tiki" tu, badilisha beringi kabla ya lolote. Kupima gurudumu linalocheza ni sawa na kupima mtoto anayeruka. Vumbi linalotoka kwenye mkanda nalo ni msasa, likiingia ndani linakula beringi taratibu.

Tundu la gurudumu, pale shafti inapoingia, lilinipotezea wiki nzima. Gurudumu langu la mota lilichongwa kwenye lathe na fundi mmoja, na kwa macho lilikuwa zuri kabisa. Nikaegemeza mkono kwenye fremu, nikaisogeza chaki karibu na ukingo, nikazungusha polepole: chaki iligusa upande mmoja tu, upande wa pili ukapita peupe. Tundu halikuwa katikati. Gurudumu la namna hiyo hulinyooshi kwa spana, linarudi kwa mchongaji. Ukilirudisha, mwambie pia asiliguse lile la juu. Lile limetuna kidogo katikati kwa makusudi, kwa sababu mkanda hupenda kupanda palipo juu na kubaki hapo. Kuna mchongaji aliwahi kuniuliza kama anisawazishie hilo tumbo bure!

Sasa meza. Kaza boliti zote zinazoishikilia mashine mezani ndipo upime, kwa kuwa meza isiyo sawa inaipindua fremu unapokaza. Kama umechomelea chochote, subiri chuma kipoe kabisa. Moto unavuta, na kilichokuwa wima saa ya kuchomea kinaweza kulala baadaye.

Kupima kwenyewe hakutaki kifaa cha bei. Mimi natumia uzi wa nailoni wa nyavu, mwembamba. Uvute ukaze kwenye ubavu wa gurudumu la mota hadi ubavu wa lile la juu. Uzi unatakiwa uguse sehemu nne, kingo mbili za kila gurudumu. Ukigusa ukingo mmoja tu wa la mota, shafti yake imekaa upande: weka kipande cha bati la kopo chini ya mguu wa mota, kaza, pima tena. Ukigusa zote mbili za la mota lakini ukapita mbali na la juu kwa nafasi iliyo sawa pande zote, hapo pembe ni nzuri, ila gurudumu limeingia ndani mno. Lisogeze kwenye shafti au ongeza washa, ile pete bapa ya chuma. Angalia upana pia. La mota likiwa milimita 52 na la juu 50, uzi unapaswa kupita milimita 1 mbali na la juu, kwani tunalinganisha katikati kwa katikati. Magurudumu ya mbele, pale unaponolea, unayapima vilevile.

Pima mara mbili: springi inayokaza mkanda ikiwa imelegea, na mkanda ukiwa umekazwa. Mkono wangu wa springi ulikuwa na pini iliyolika, uzi ulionyesha sawa mkanda ukiwa nje, ukivalishwa gurudumu lote linainama.

Yakikaa sawa, rudisha skrubu katikati ya safari yake, zungusha kwa mkono, na hapo sasa iguse kidogokidogo huku ukiangalia mkanda unaelekea wapi. Ukitulia, chomeka plagi, simama ubavuni, washa na kuzima papo hapo. Gurudumu la milimita 100 kwenye mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika linaupeleka mkanda karibu mita 15 kwa sekunde. Wangu ulipochomoka mwezi Machi ulipita pale ninaposimama kila siku, ukaangusha ndoo ya maji ya kupozea visu.