Jinsi ya Kuzuia Ndege Isikutoke Mikononi Angani

Kabla ya ndege kumtoka rubani mikononi, mara nyingi huwa imekwisha kuonyesha dalili ambazo hakuna aliyezitazama. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun, ikaanza kulalia upande wa kulia taratibu huku nahodha akiamini kwamba mfumo wa kujiendesha umeshika kazi, ilhali haukuwa umeshika. Ilianguka muda mfupi baadaye na watu wote 114 wakafariki. Kwa hiyo, unapowasha mfumo huo, usitosheke na kubonyeza kitufe: soma kwenye kioo cha vipimo kwamba umekubali, utaje kwa sauti ili mwenzako asikie, kisha tazama ndege yenyewe inakwenda wapi. Gizani au ndani ya mawingu usiutegemee mwili wako, kwani sikio la ndani halihisi mzunguko wa polepole, na ndege iliyolala nyuzi 30 yaweza kukupa hisia kwamba imenyooka sawasawa. Kipimo cha upeo, kinachoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, ndicho cha kuaminiwa.

Chanzo kikubwa zaidi cha ndege kumtoka rubani mikononi ni bawa kuacha kuiinua, na hapa ipo imani moja inayopaswa kuondolewa mapema, kwamba jambo hilo hutokea kwa kukosa mwendo tu. Bawa huacha kuinua pale pembe yake dhidi ya hewa inayolijia inapozidi kikomo, ambacho kwa mabawa mengi ya ndege ndogo hukaribia nyuzi 15 hadi 18, na kikomo hicho chaweza kuvukwa kwa mwendo wowote ule. Ukipiga kona ya nyuzi 60 bila kupoteza kimo, bawa hubeba uzito maradufu, na mwendo wa chini kabisa unaokuweka angani hupanda kwa takriban asilimia 41. Barafu ikiganda juu ya bawa, kikomo chenyewe hushuka, na hakuna kipimo cha mwendo kitakachokuambia hivyo. Ndiyo maana kona ya mwisho kabla ya kutua ni hatari: rubani aliyepitiliza njia ya kutua hushawishika kuikaza kwa kukanyaga usukani wa mkia huku akivuta pua juu, na pale chini hakuna kimo cha kujinasua. Ukipitiliza, paa tena uzunguke upya. Hilo si aibu.

Dalili za bawa kuacha kuinua zikitokea, yaani king'ora kulia, usukani kutetemeka au ndege kutikisika, jambo la kwanza ni kuzima mfumo wa kujiendesha na kusukuma pua chini mpaka dalili ziishe. Ndipo unyooshe mabawa, uongeze nguvu ya injini kwa kadiri inavyohitajika, na urudishe kimo polepole. Mpangilio huo ni rahisi kuusoma na mgumu kuutekeleza, kwa kuwa mtu aliyeshtuka huvuta. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France ilikuwa juu ya Atlantiki pale mirija ya kupimia mwendo ilipoziba kwa barafu. Rubani msaidizi alivuta pua juu, na ndege ikaporomoka hadi baharini ikiwa na watu 228, injini zikifanya kazi.

Pua ikiwa chini na ndege imelala sana huku mwendo ukipanda, mpangilio hubadilika: punguza nguvu ya injini, nyoosha mabawa kwanza, ndipo uvute taratibu, kwa sababu kuvuta kabla ya kunyoosha hukaza mzunguko na kulielemea bawa.

Mazoezi haya yafanywe kwenye kimo kikubwa pamoja na mkufunzi aliyefundishwa kazi hiyo, au katika kifaa cha kuigiza urukaji, na yarudiwe mara kwa mara. Usisahau pia kukokotoa uzito wa ndege na jinsi ulivyogawanyika mbele na nyuma kabla ya kuondoka, kwani mzigo uliorundikwa nyuma huzuia pua kushuka hata ukisukuma kwa nguvu zako zote.