SOMO: Skana ya mezani nyumbani, kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wale wanaotaka kuweka skana ya redio mezani na kusikiliza marubani, wanaredio wa ridhaa (wale wanaorusha kwa kupenda tu, si kwa biashara), na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinapotupitia. Nimeliandika kwa mazingira ya Mbeya, Iringa, Njombe na Tukuyu. Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa Wamarekani, na ukiyafuata kama yalivyo utanunua mashine ya bei mbaya ambayo nusu ya kazi zake huku hazina maana.

Kwa ambao hawaijui: skana ni redio ya kupokea tu, haitumi chochote. Inaruka kutoka masafa haya hadi yale kwa kasi, ikikuta mtu anaongea inasimama, akinyamaza inaendelea na safari.

HATUA YA 1: Jua unachotaka kusikia, na usichoruhusiwa

Ndege huongea kati ya megahezi 118 na 137, kwa mfumo wa AM. Wanaredio wa ridhaa wako 144 hadi 146, na wengine 430 hadi 440, kwa FM. Alama za wito za Tanzania, yaani majina yao hewani, huanza na 5H. Vyombo vya majini viko kuanzia 156 hadi 162. Hayo yanatosha kumpa mtu kazi mwaka mzima.

Sasa sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila mamlaka halali. Redio za polisi, za kampuni za ulinzi, za migodini, hizo achana nazo kabisa. Na kabla hujaagiza kifaa, pita ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kanda yetu, pale Mbeya. Peleka jina na modeli ya skana, uliza kama inahitaji kibali cha kuingizwa na ni masafa gani unaruhusiwa kusikiliza, jibu ulipate kwa maandishi. Ni afadhali uchelewe wiki mbili kuliko mzigo wako kukwama forodhani. Na ulichosikia kibaki nyumbani kwako, usirekodi na kurusha kwenye magrupu.

HATUA YA 2: Kuchagua mashine

Skana za bei kubwa, kama Uniden SDS200, unalipia zaidi uwezo wa kufuatilia mitandao ya kidijitali ya polisi na zimamoto wa Marekani. Ukiutoa huo, kwa matumizi yetu unabaki na redio ya kawaida yenye kioo kizuri. Uniden HomePatrol ndiyo kabisa: inakuomba uandike zip code ikupangie stesheni, na orodha iliyomo ndani yake ni ya Marekani na Kanada. Mwanjelwa haimo.

Unachohitaji ni vitu vichache. Ipokee AM kwenye bendi ya ndege (wengine hudanganywa hapa, nitalirudia kwenye maswali). Iwe na tundu la antena la BNC, lile la kuchomeka na kuzungusha kidogo, ili uweze kuvuta waya hadi nje. Itumie umeme wa volti 12. Basi. Uniden BC355N, yenye chaneli 300, inatimiza yote hayo, na BC365CRS yenye chaneli 500 ina saa na redio ya FM juu yake. Mashine za daraja hilo zikipatikana zimetumika lakini ni nzima, mimi nachukua bila kusita, na pesa inayobaki inaenda kwenye antena na waya.

Mwenye laptopu tayari anaweza kuanza na kile kidude cha USB kiitwacho RTL-SDR, ambacho hupokea kuanzia megahezi 24 hivi hadi 1,700 na ushee. Kinafundisha sana, maana unayaona mawimbi kwa macho kwenye kioo. Ila si kitu cha kuwasha asubuhi ukakiacha kinaongea huku unapika.

Mzigo ukifika kutoka Marekani, soma adapta kabla hujaichomeka. Ikiandika INPUT 120V peke yake, iweke kabatini. Umeme wetu ni volti 230 na utaichoma hapo hapo. Ikiandika 100-240V, tafuta tu kigeuzi cha plagi. Adapta ya volti 12 utaipata kwa fundi yeyote, lakini linganisha kile kimchoro cha duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa: cha adapta na cha nyuma ya skana viwe sawasawa.

HATUA YA 3: Antena na mahali pa kuiweka

Hapa ndipo pesa na jasho viende.

Masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo mita 10,000 juu inaweza kusikika hadi kilomita 400 hivi kama hakuna kizuizi, hivyo ukiwa Mbeya unaweza kumsikia rubani aliye mbali sana. Anayemjibu kutoka ardhini ni habari nyingine: yuko chini, na kati yenu kuna milima. Usishangae kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo, skana yako haijaharibika.

Kwa hiyo simama nje ya nyumba yako, zunguka, tazama upeo. Aliye Mbeya mjini kaskazini kwake kuna ukuta wa Loleza na safu yake, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,600. Aliye Tukuyu, Rungwe imemkalia kichwani. Wa Iringa mjini mna bahati, mji umekaa juu ya ukingo na bonde la Ruaha Ndogo liko chini yenu. Upande ulio wazi ndio utakaokulisha.

Kile kiantena cha fimbo kinachokuja na skana, ndani ya nyumba ya bati na madirisha ya nondo, ni sawa na kusikiliza ukiwa ndani ya sufuria. Tengeneza ya nje. Unahitaji waya wa shaba wa milimita 2.5, ule mgumu wa wayaringi ya nyumba, vipande vitano, na kibao cha plastiki ngumu. Kimoja kinasimama wima, vinne vinatoka chini yake kwenda pande nne vikiinama kama miguu ya stuli. Urefu wa kile cha wima: gawa 7,125 kwa megahezi unazotaka, jibu ni sentimita. Kwa ndege chukua 124, unapata sentimita 57 na nusu. Miguu iwe mirefu kidogo, 60 inatosha.

Waya wa kushusha ndani tumia wa dishi, RG-6. Watu wa vitabu watakwambia ule ni wa omu 75 na skana inataka 50. Kwa kupokea tu tofauti hiyo huisikii, na waya wa dishi unapoteza mawimbi kidogo kuliko ule mwembamba wa RG-58. Moyo wake unaenda kwenye kipande cha wima, wavu wa nje unaenda kwenye miguu minne. Angalizo: wavu wa waya mwingi wa dishi ni alumini, risasi ya kuchomelea haishiki. Usipoteze muda na pasi. Uchane wavu, usokote, uubane chini ya skrubu na washa mbili, kaza. Kisha paka silikoni kila mahali, hasa pale waya ulipochanwa. Maji yakiingia humo mwezi wa kumi na mbili, kufikia Pasaka waya umeoza kwa ndani na wewe unalaumu skana. Upande wa chini funga koneka ya dishi na kigeuzi cha kwenda BNC. Kabla ya waya kuingia dirishani uache uning'inie kidogo chini ya usawa wa tundu, maji ya mvua yadondokee nje.

Bomba la chuma la kusimamishia lipate waya mnene wa kwenda ardhini kwenye nondo iliyozikwa. Radi za huku tunazijua.

HATUA YA 4: Kuwasha na kutafuta

Anza na skwelchi, kile kitufe cha kunyamazisha mkoromo wakati hakuna anayeongea. Izungushe hadi spika ikoromee, kisha irudishe taratibu. Mkoromo ukikatika, ongeza unywele mmoja, acha. Wengi wanaikaza hadi mwisho kwa kuchukia kelele, halafu wanakaa siku nzima na redio bubu.

Usianze kwa kuingiza masafa ya kuokota mtandaoni. Weka utafutaji kuanzia 118 hadi 137, iache ifanye kazi, na daftari liwe karibu: masafa, saa, nani kaongea. Masafa rasmi ya viwanja vya ndege, Songwe ikiwemo, yamo kwenye kitabu cha taarifa za anga kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ukishayapata, yaingize kwenye chaneli, na 121.5, ambayo ni ya dharura dunia nzima, ipe kipaumbele. Skana ikisimama kila mara penye mlio usio na mtu, bonyeza kitufe cha kuruka, L/O, isisimame tena hapo.

Marubani huongea Kiingereza cha mkato. Wakitaja "level three five zero" maana yake futi 35,000. Ndege za Air Tanzania hujiita "Tanzania" na namba ya safari, za Kenya Airways "Kenya", na ukisikia "Springbok" ujue ni South African Airways.

HATUA YA 5: Kufukuza kelele

Taa za LED za bei poa, chaja za simu, king'amuzi, kontrola ya sola: vyote hutema kelele. Washa skana kwa betri, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikiondoka, adui yuko ndani. Rudisha kimoja kimoja hadi umkamate.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Makambako): Mwalimu, kwetu umeme unakatika sana. Naweza kuiendesha kwa betri ya sola?

Jibu: Unaweza, na ndiyo njia ninayoipenda. Chukua moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, weka fyuzi ndogo kwenye waya chanya. Usipitishe kwenye inveta. Utageuza umeme mara mbili bure na inveta yenyewe ina kelele.

Swali (Iringa): Kamwene mwalimu. Mimi kwenye bendi ya ndege nasikia muziki wa stesheni ya FM ya hapa mjini. Nimekosea wapi?

Jibu: Kamwene. Hujakosea, mnara uko karibu na nguvu yake inaizidi skana, inaanza kuona stesheni mahali isipokuwepo. Kuna kichujio kidogo cha kuzuia megahezi 88 hadi 108, kinakaa kati ya antena na skana. Kabla ya kununua, jaribu kuhamisha antena upande wa pili wa paa ili nyumba ikukinge na mnara.

Swali (Kyela): Nitasikia uwanja wa Songwe?

Jibu: Mnara wa uwanja, sahau. Wewe uko mita 500 na kitu kutoka usawa wa bahari, na kati yenu kuna milima yote ya Rungwe. Ndege ikishapanda utaipata vizuri. Lakini una kitu ambacho sisi hatuna: ziwa. Weka 156.8 kwa FM, chaneli 16 ya majini, uone kama kuna chombo chenye redio ya VHF kinachoita.

Swali (Mafinga): Muuzaji Kariakoo ameniambia skana za nini, chukua Baofeng, inafanya yote kwa bei ndogo.

Jibu: Baofeng UV-5R ya kawaida huanza megahezi 136 na haipokei AM, kwa hiyo ndege huzipati hata uibembeleze. Halafu inatuma. Ukibonyeza kile kitufe cha pembeni bila leseni umeshaingia kwenye makosa. Mwambie ahsante, ondoka.

Swali (Tukuyu): Shikamoo mwalimu, ndaga fijo kwa somo. Hiyo nondo ya ardhini inatosha kwa radi za huku?

Jibu: Marahaba. Haitoshi. Inapunguza tu umeme unaojikusanya kwenye bomba. Ukisikia ngurumo ya kwanza, hata ya mbali, chomoa waya wa antena na adapta, na ncha ya waya uitoe nje ya dirisha. Usiku wa msimu wa mvua lala umechomoa. Kama ngurumo zimeshafika juu yako, usiguse kitu.

Swali (mwanafunzi, Mbeya): Kile kituo cha anga za juu kinasikika kweli bila dishi?

Jibu: Kinasikika, kiko kilomita 400 hivi tu na hakuna mlima kati yenu kikiwa juu. Weka 145.800, FM. Antena ya ndege itafaa, ila ukikata nyingine ya sentimita 49 utafurahi zaidi, na hiyo hiyo itakupa 437.800 ambako kuna kirudishio chao cha sauti, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya. Kila mpito ni kama dakika 10. Kuna programu za simu zinazotaja saa ya kupita. Mara nyingi utakuta kimya, kwa sababu wanaanga wana kazi nyingine. Siku wakirusha picha utasikia milio ya kupanda na kushuka kama filimbi. Irekodi hiyo, ipitishe kwenye programu ya SSTV, picha inajichora mstari kwa mstari.