Mhadhiri wa siasa na bajeti ya kaunti: maoni yasomwe vipi na kamati

Nchini Kenya, mhadhiri wa siasa anayengoja Juni ndipo azungumzie bajeti ya kaunti amechelewa miezi minne. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka hazina ya kaunti iwasilishe mkakati wa fedha katika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na bunge lina siku 14 tu za kuujadili na kuupitisha. Humo ndimo kila idara inapowekewa kiwango chake cha juu: afya kiasi hiki, barabara kiasi kile. Makadirio yanayoletwa kufikia 30 Aprili hujazwa ndani ya viwango hivyo, na kanuni za 2015 haziruhusu bunge kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Ndiyo maana anayesimama ukumbini mwezi wa Mei kudai zahanati mpya kule Seme, Kisumu, husikilizwa kwa adabu, kisha zahanati haiji, isipokuwa pesa zichotwe kwenye mradi mwingine wa idara hiyo hiyo ya afya.

Kwa hivyo kazi huanza Januari. Iwe unafundisha chuo kikuu cha Maseno, Njoro au Kakamega, tafuta kwanza ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo huonyesha kaunti moja moja ilikusanya ushuru kiasi gani na ilitumia kiasi gani kwa maendeleo. Linganisha na vipimo viwili vya kisheria: maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Hapo pekee utapata hoja mbili au tatu ambazo mwakilishi wadi hawezi kuzipuuza kirahisi.

Nyaraka zisipokuwa mtandaoni, mwandikie katibu wa kaunti ukiitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Piga hesabu: ukiomba siku mkakati unapofika bungeni, zile siku 14 zitakwisha kabla hujajibiwa. Omba mapema Januari ripoti za utekelezaji wa mwaka uliopita. Mkakati wenyewe ufuate katika ofisi ya karani wa bunge ukishawasilishwa. Ukinyimwa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea maombi ya mapitio ndani ya siku 30.

Sasa waraka wenyewe wa maoni utakaoupelekea kamati ya bunge la kaunti. Kurasa mbili zinatosha, na moyo wake ni jedwali la safu nne: kifungu, kinachosema sasa, tunachopendekeza, sababu. Tuseme ni Mswada wa Fedha wa kaunti, unaoweka ushuru na ada, ambao bunge hutakiwa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi. Usiandike kwamba ushuru wa soko unawaonea wanyonge. Andika: “Jedwali la Pili, aya ya 7. Sasa: meza ya samaki, shilingi 100 kwa siku. Pendekezo: shilingi 50 kwa siku.” Katika safu ya sababu weka sentensi mbili: muuza omena wa soko la Kibuye, Kisumu, hulipa nini tayari kwa siku (ushuru, choo, mlinzi, mkokoteni), na ada hiyo ililetea kaunti kiasi gani mwaka uliopita. Kamati hupokea rundo la maoni, na wafanyakazi wa bunge ndio wanaoyachambua kifungu kwa kifungu. Jedwali lako huingia kwenye ripoti karibu jinsi lilivyo. Insha ya kurasa kumi na tano yenye nadharia za ugatuzi hufupishwa na mtu asiyekuwa na wakati, na kinachobaki ni “mhadhiri alipinga mswada.” Wasomi hawapendi kuambiwa hivi, lakini nadharia iache darasani.

Takwimu za sokoni ukitaka kuzichapisha baadaye kama utafiti, pata kwanza kibali cha maadili chuoni na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoidhinisha utafiti. Kibali hakirudi nyuma kuhalalisha mahojiano yaliyokwisha fanywa.

Kisha sahihi. Mhadhiri wa chuo cha umma ni afisa wa umma, na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza kutumia kazi yake kuendeleza chama au kuonyesha kwamba anaunga mkono au kupinga mgombea. Kukosoa kifungu cha mswada si kampeni, na Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kitaaluma. Barua yenye nembo ya idara ipitie kwa mkuu wa idara. La sivyo tia jina lako na useme maoni ni yako binafsi. Kama uliwahi kulipwa na kaunti hiyo kwa ushauri, sema hapo hapo juu, kabla mtu mwingine hajakusemea.

Peleka nakala mbili kwa karani wa bunge, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo kama ushahidi kwamba ulitoa maoni. Usitegemee mahakama sana, hata hivyo: Sheria ya Fedha ya taifa ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, suala la kushirikisha umma likiwa miongoni mwa sababu, na Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo Oktoba.

Redioni, iwe kwa Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya, nenda na tarakimu moja na wadi moja. Ukiulizwa nani atashinda ugavana, rudi kwenye ile tarakimu.

Ripoti ya kamati ikitoka, itafute, tia alama mistari iliyokubaliwa na iliyotupwa, na upeleke ukurasa huo Kibuye kabla ada mpya hazijaanza kutozwa.