Kucheza Magic kwenye Cockatrice bila kumaliza bando: mwongozo kwa walioko Mtwara na Lindi

Magic: The Gathering ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani mwaka 1993. Kila mchezaji anakuja na deki yake ya kadi zisizopungua 60, anaanza na uhai 20, na anayefikishwa sifuri kashindwa. Hapa Mtwara sijaona duka linalouza kadi zenyewe, na ukiagiza nje nauli ya mzigo inaweza kuizidi bei ya kadi. Kwa hiyo tunachezea kwenye kompyuta.

Kampuni yenyewe inayo programu yake, MTG Arena. Ni nzuri na inakusimamia sheria zote, ila ni nzito, inadai masasisho makubwa kila mara, na bila intaneti haifunguki mchezo. Mimi nashauri Cockatrice. Ni ya bure, ya chanzo huria, haina uhusiano na Wizards of the Coast, na inakwenda hata kwenye laptop iliyochoka. Kubwa zaidi, mkishaisakinisha mnaweza kucheza watu wawili au wanne ndani ya chumba kimoja pale Chikongola bila kutumia hata MB moja. Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima, aliyejiandaa hivi hakuwa na haja ya kusubiri meli ya mafundi wa nyaya.

Jambo moja ulijue mapema: Cockatrice haijui sheria. Ni kama jamvi la kuchezea karata. Linabeba kadi, halimkatazi mtu kudokoa. Itakuchanganyia kadi na kukuhesabia uhai, lakini nani anaruhusiwa kufanya nini ni juu yenu. Asiyejua sheria kabisa ajifunze kwanza, au akae na anayejua.

Hatua ya 1: Pakua ukiwa kwenye mtandao mzuri

Nenda cockatrice.github.io, ndiyo tovuti rasmi, uchague faili la Windows, macOS au Linux. Kwa Windows soma jina la faili vizuri, kwa sababu toleo moja linaweza kuwa na mafaili tofauti kwa Windows ya zamani na mpya. Kwenye simu haipo, hivyo laptop ni lazima.

Unapolifungua, Windows inaweza kuleta onyo la bluu kwamba haimtambui mtengenezaji. Kama umelipakua kwenye tovuti niliyoitaja, bonyeza «More info» kisha «Run anyway». Kama umelipata kwenye flashi ya mtu usiyemjua, lifute. Ukiulizwa vipengele vya kusakinisha, acha vyote. Utapata programu tatu: Cockatrice yenyewe ya kuchezea, Oracle ya kuleta orodha ya kadi, na Servatrice ambayo ni seva, yaani programu inayowaunganisha wachezaji. Wengi hawaigusi hiyo ya tatu, na sisi ndiyo tunayoitaka.

Wote mtakaocheza pamoja sakinisheni toleo lilelile. Pakueni faili moja, mpeane kwa flashi.

Hatua ya 2: Leta orodha ya kadi

Fungua Oracle. Inachukua data kutoka MTGJSON, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za kadi za Magic, na mzigo wenyewe ni makumi ya megabaiti, kwa hiyo usiifanye kwa bando la kubahatisha. Kubali anwani iliyokwisha kuwekwa, bonyeza «Next» mpaka mwisho, ukubali na tokeni pia, yaani vipande vinavyosimamia viumbe wanaozaliwa na kadi nyingine. Inapomaliza inahifadhi faili linaloitwa cards.xml.

Wenzako hawana haja ya kurudia. Kwenye mipangilio ya Cockatrice, sehemu ya njia za mafaili, utaona folda ambamo cards.xml na tokens.xml zimekaa. Nakili zote mbili, wao waziweke mahali palepale kwenye mashine zao. Mmoja kalipa bando, watano wamefaidi.

Hatua ya 3: Picha

Hapa ndipo bando linapotoboka kimyakimya. Kila kadi unayoiona mara ya kwanza, Cockatrice inaishushia picha. Picha moja ni ndogo, lakini ukiperuzi maelfu ya kadi kwa udadisi tu, utashangaa ujumbe wa salio.

Una njia mbili. Ya kwanza, nenda kwenye mipangilio, uondoe tiki kwenye «Download card pictures on the fly». Kadi zitaonekana kama vipande vyenye jina, na maelezo yote utayasoma kwenye kidirisha cha pembeni. Mchezo unachezeka hivyo bila tatizo. Ya pili, na ndiyo naipenda: ukiwa kwenye Wi-Fi, fungua deki yako na ubofye kadi moja moja mpaka picha zote zitokee. Zinabaki kwenye diski. Ukishamaliza, toa tiki.

Hatua ya 4: Tengeneza deki

Fungua «Deck Editor». Unaweza kutafuta kadi kwa jina na kuziingiza moja moja, lakini kazi nyepesi ni kuandika orodha popote, hata kwenye meseji ya WhatsApp, kwa mtindo huu:

22 Mountain
4 Lightning Bolt
4 Raging Goblin

na kuendelea mpaka 60. Nakili orodha, rudi kwenye Deck Editor, chagua «Load deck from clipboard», hifadhi. Mountain ni kadi ya ardhi ya msingi, zile zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine; weka kadiri utakavyo. Karibu kadi zote zisizo ardhi za msingi mwisho ni nne za jina moja. Kwa anayeanza, ardhi 22 hadi 24 ndani ya 60 zinatosha.

Kama mnaanzisha kundi, kubalianeni mtumie kadi za daraja la kawaida tu, mtindo unaoitwa Pauper. Kwenye Cockatrice kila kadi ni bure, na mtu mwenye tamaa atajaza deki ya kadi zinazouzwa mamia ya dola. Mechi inaisha kabla hamjamaliza kutafuna korosho.

Hatua ya 5: Seva yenu wenyewe kwa hotspot

Chagueni laptop yenye betri bora kuliko zote, hiyo ndiyo iwe seva. Umeme ukikatika na mashine hiyo ikazima, mchezo wote umepotea, kwa sababu Servatrice ikiwashwa kwa mipangilio yake ya mwanzo haihifadhi kitu. Nyingine ikizima si msiba, mwenyewe atarudi.

Washa hotspot kwenye simu ya Android, kisha zima data. Hotspot inaendelea kufanya kazi bila data; simu imekuwa ruta tu. Laptop zote ziunganishwe humo.

Kwenye laptop ya seva fungua Servatrice. Litatokea dirisha jeusi lenye maandishi. Liache hivyo hivyo, usilifunge. Windows ikiuliza kama uiruhusu kwenye mtandao, ruhusu. Ukibonyeza «Cancel» hapo kwa haraka, wenzako watagonga mlango mpaka kesho.

Sasa tafuta anwani ya mashine hiyo: fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma mstari wa IPv4 chini ya Wi-Fi. Itafanana na 192.168.43.57.

Kila mchezaji afungue Cockatrice, achague «Connect», kisha seva mpya. Kwenye «Host» aweke anwani ile, kwenye «Port» aweke 4747, jina lolote la mchezaji, nywila aache wazi. Mwenye laptop ya seva naye anacheza kama kawaida, ila yeye kwenye «Host» anaandika 127.0.0.1. Ndani mtakuta chumba kimoja. Ingieni, mmoja aunde mchezo wa watu wawili, mwingine ajiunge.

Isipokubali, kwanza hakikisha wote mko kwenye hotspot ileile, halafu angalia firewall, ule ulinzi wa Windows uliokuomba ruhusa kwenye laptop ya seva. Vyote vikiwa sawa na bado inagoma, badilisheni simu, kwa sababu kuna simu zinazozuia vifaa vilivyounganishwa visionane. Simu ya jirani inaweza kumaliza tatizo lililowasumbua jioni nzima.

Hatua ya 6: Mchezo wenyewe

Pakia deki, bonyeza «Ready to start». Ctrl+M inakupa mkono wa mwanzo. Ikiuliza idadi, weka 7. Ctrl+D ni kuvuta kadi, Ctrl+U kuinua kadi zako zote zilizolazwa upande baada ya kutumika, F11 kupunguza uhai wako, F12 kuongeza. Ctrl na Enter kumpa mwenzako zamu.

Tuseme ni zamu yako na mkononi una Mountain na Lightning Bolt. Bofya Mountain mara mbili, inashuka mezani. Ibofye tena mara mbili, inalala upande: umeshalipa mana moja nyekundu. Bofya Lightning Bolt mara mbili. Sasa shika kitufe cha kulia cha kipanya juu ya hiyo Bolt, uburute mpaka kwa mpinzani. Utatokea mshale unaoonyesha unamlenga nani. Subiri aseme kama ana jibu. Hana? Bolt inapunguza uhai 3, kwa hiyo yeye mwenyewe anabonyeza F11 mara tatu, anabaki na 17, na wewe unaiburuta Bolt kwenda kaburini, kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika. Hakuna kilichofanyika chenyewe hapo isipokuwa kuhesabu.

Kuzoea vitufe hivi peke yako, tumia «Start local game» kwenye menyu. Unaweka wachezaji wawili, unacheza pande zote mbili, bila seva wala hotspot.

Ukitaka watu wa mbali

Kwenye dirisha la «Connect» kuna orodha ya seva za umma, Rooster Ranges ikiwemo. Jisajili kwa barua pepe, kisha kwenye maelezo ya mchezo andika kwamba wewe ni mgeni ili usipewe mtu anayecheza kwa kasi. Matumizi ya data ni madogo kama umezima picha, kwani kinachosafiri ni taarifa fupi za kila hatua. Kumbuka saa tu: saa 2 usiku ya New York kwetu ni saa 9 au saa 10 alfajiri, kutegemea majira yao. Anayenunua bando la usiku ana pa kulitumia.